Kifua Kikibana Miezi Baada ya Upasuaji wa Aota

Mimi ni nesi hapa Bombo, Uganda, na majirani wenye ugonjwa wa moyo huniletea mafaili yao kabla ya kwenda hospitali ya Mulago, Kampala. Aliyebadilishiwa valvu ya aota, yaani mlango wa damu kati ya moyo na aota, mshipa mkubwa utokao moyoni, akilalamika kifua, nyumbani humwambia kidonda bado kinapona. Mimi humwuliza: kinauma lini? Maumivu ya mfupa huja ukikohoa, ukijigeuza kitandani au ukipabonyeza. Yanayokushika ukibeba jerikeni na kutulia ukipumzika, hayo ni ya moyo mpaka daktari aseme vingine, hasa yakianza ndani ya miezi 6 ya kwanza.

Mishipa inayolisha moyo huchipuka pale pale aota inapoanzia. Katika upasuaji, vijibomba vya kupitishia dawa ya kusimamisha moyo vinaweza kuichubua midomo yake, nayo ikafanya unene na kuziba polepole. Ni nadra, lakini huua.

Usikimbilie diklofenaki, ile dawa ya maumivu, dukani. Ukiwa kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inaweza kukutoa damu tumboni. Maumivu yakija umekaa tu, ukatokwa jasho au ukazimia, ni hospitali saa hiyo hiyo, tena usiende peke yako kwa boda. Yasipofika huko, muone daktari wa moyo wiki hii, na ubebe ripoti ya upasuaji. ECG ya kitandani, kipimo cha umeme wa moyo, ikiwa safi, usiondoke umeridhika: omba mishipa yenyewe ipigwe picha, kwa CT ya rangi au kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa hadi kwenye moyo. Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago, ina chumba cha katheta.

Tiba ni baipasi, upasuaji wa kuupitishia damu njia mpya kando ya palipoziba, au stenti, kijibomba cha wavu kinachouweka mshipa wazi. Stenti haihitaji kifua kufunguliwa tena, kwa hiyo wengi huipenda; ila mdomo wa mshipa mkuu wa kushoto si mahali pa papara, waache daktari wa katheta na wa upasuaji wakae pamoja kwanza.

Baada ya stenti ndipo kazi yangu huanza. Klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda kwenye stenti, ukiikatiza mwenyewe, stenti inaweza kuganda damu ghafla. Kama unameza pia aspirini na warfarini, dawa zote tatu huenda pamoja kwa muda mfupi, kisha daktari huondoa moja. Daktari, si shemeji. Pima INR, kipimo cha jinsi warfarini inavyofanya kazi kwenye damu, kwa tarehe uliyopewa. Mboga za majani kama dodo na nakati kula, lakini kiasi kile kile kila wiki. Na kifua kikianza kubana tena, rudi upigwe picha nyingine, maana hata ndani ya stenti mshipa huweza kusinyaa.