Ukienda Cary kuangalia fainali ya vyuo, anza na saa

Desemba ikifika na mji wa Cary ukiwa mwenyeji wa fainali ya soka la wanaume la vyuo vikuu vya Marekani, Wabongo wa hapa North Carolina huanza kunipigia simu: tiketi zinapatikana wapi, nani ana nafasi kwenye gari. Hayo madogo. Kubwa ni saa ya uwanjani.

Mara ya kwanza nilienda WakeMed Soccer Park na shemeji yangu. Timu yetu iko nyuma bao moja, watu wakaanza kuhesabu kwa sauti: kumi, tisa, nane. Shemeji akaniambia, "Tulia, bado nyongeza." Honi ikalia. Sisi tumekaa tunasubiri kibao cha refa wa akiba, wenzetu wameshaanza kukumbatiana.

Kwa hiyo shika hili: saa ya vyuo inaanzia 45 inashuka hadi sifuri. Likifungwa bao, ikitoka kadi, ikipigwa penalti, inasimama. Ndiyo maana nyongeza hakuna. Tena dakika za mwisho, timu inayoongoza ikibadilisha mchezaji, saa inasimama. Yule anayetoka kwa mwendo wa bibi harusi anajichosha bure. Ligi zetu zingeiga hili, makipa wangeacha kuugua ghafla dakika ya 85.

Usishangae pia ukimwona winga aliyetolewa kipindi cha kwanza amerudi cha pili. Inaruhusiwa.

Kabla ya kuchagua timu ya kushangilia, angalia imepita wapi. Zinaanza timu 48, mtoano mtupu, ukifungwa unarudi kwenye mitihani. Kumi na sita zilizopewa namba za ubora kabla ya mashindano zinapumzika raundi ya kwanza, hivyo bingwa mwenye namba anashinda mechi tano, asiye nayo sita. Mimi huwa na hao wa sita. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Vermont hawakuwa na namba, wakafika fainali hapa Cary, wakawafunga Chuo Kikuu cha Marshall 2-1 kwenye muda wa ziada. Max Kissel wa Vermont alimkimbia beki, akampita kipa aliyetoka langoni, akatia mpira kwenye nyavu tupu. Dakika ya 95. Nilipoteza sauti siku mbili, na Vermont kwenyewe sijawahi kufika.

Nusu fainali zote mbili huchezwa Ijumaa, fainali Jumatatu. Kama unafanya zamu, badilishana mapema, maana Jumatatu usiku hakuna mtu wa kukuokoa. Ukiwa na hela ya siku moja tu, nenda Ijumaa, uone timu zote nne. Hakikisha tu mwaka huo ni Cary kweli. 2023 fainali ilikuwa Louisville, na kuna jamaa alishanunua jaketi.

Jaketi lenyewe liwe zito. Chai ya tangawizi mnywe kwenye maegesho kabla ya kuingia, na shemeji akae upande anaouona ubao wa saa.