Hesabu Siku Kabla ya Kukata Tiketi: Chanjo na Afya kwa Msafiri Anayetoka Kigoma

Kwa mkazi wa Kigoma, nchi ya nje haiko mbali. Burundi iko ng'ambo ya Manyovu, milima ya Kongo huonekana upande wa pili wa Ziwa Tanganyika siku isiyo na ukungu, na Zambia hufikiwa kwa maji kupitia Mpulungu. Ukaribu huo hutufanya tufunge safari kama mtu anayekwenda sokoni Mwanga: nauli ipo, hati ya kusafiria ipo, na suala la chanjo hukumbukwa mtu akiwa tayari bandarini. Chanjo, hata hivyo, inahitaji siku zake ndani ya mwili, na hakuna nahodha wala rubani anayeweza kuziharakisha. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuchukua kalenda, kuweka alama kwenye tarehe ya safari, kisha kuhesabu kurudi nyuma.

Alfajiri moja nilikuwa bandarini wakati kijana mfanyabiashara wa chumvi ya Uvinza alipokuwa akijiandaa kuvuka kwenda Kalemie, upande wa Kongo. Kadi yake ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ilikuwa mpya kabisa, na wino wa muhuri ulikuwa bado unang'aa. Ofisa aliifungua, akasoma tarehe ya chanjo, akamwonyesha kwa kidole: ilikuwa ya juzi. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku ya 10 baada ya kuchanjwa, kwa sababu kinga huchukua takriban muda huo kujengeka. Magunia yalikwishapakiwa, na mwenye magunia akabaki gatini. Sindano alichomwa kweli na fedha alitoa. Alichokosa ni siku nane ambazo angezipata bila gharama yoyote kama angeanza mapema.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo humtaka kila msafiri mwenye umri wa kuanzia miezi 9 awe na cheti hicho, na nchi nyingine nyingi humdai anayetoka au aliyepita katika nchi yenye ugonjwa. Neno "aliyepita" lina uzito wake, kwa sababu nchi uliyosubiria ndege nayo huweza kuhesabiwa. Uliza mapema kuhusu safari yako yote, pamoja na vituo vya njiani, katika ofisi ya afya ya bandari, ya uwanja wa ndege au ya mpakani, au kwa mganga wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Uliza pia siku ambayo chanjo hutolewa. Mara nyingi chupa moja huwa na dozi kadhaa, na ikishachanganywa haitakiwi kukaa zaidi ya saa 6, kwa hiyo si ajabu kuambiwa urudi siku ambayo watu watakuwa wa kutosha. Anayetoka Kibondo au Kakonko na akakuta hali hiyo bila kuijua hupoteza nauli ya safari mbili.

Ukishachanjwa, usiondoke kabla ya kuisoma kadi yako hapo hapo mezani. Jina lifanane herufi kwa herufi na lile la pasipoti, tarehe iandikwe kwa ukamilifu, namba ya toleo la chanjo iwepo, na saini ya mtoa huduma iambatane na muhuri rasmi. Tangu tarehe 11 Julai 2016, dozi moja ya homa ya manjano inatambulika kwa maisha yote ya aliyechanjwa, zikiwamo kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10. Usibadilishe tarehe kwa kalamu, kwa maana kadi iliyofutwafutwa huhesabiwa kuwa batili. Na kwa uchungu nasema: kadi inayouzwa bila sindano ni mtego kwa anayeinunua. Homa ya manjano haina dawa ya kuitibu moja kwa moja. Mgonjwa hupewa huduma ya kumsaidia mwili wake upambane. Karatasi ya uongo inaweza kumpitisha mtu mpakani, lakini mbu hasomi karatasi.

Chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na ndiyo maana si kila mtu huchanjwa bila kuulizwa. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi kabisa. Mjamzito, mama anayenyonyesha mtoto mchanga, mwenye mzio mkali wa mayai, anayetumia dawa zinazopunguza kinga, anayeishi na virusi vya UKIMWI na kinga yake imeshuka sana, pamoja na mzee wa miaka 60 na kuendelea anayechanjwa kwa mara ya kwanza, wote wazungumze na daktari kwanza na wamweleze ukweli wote. Daktari akiona haifai, anaweza kuandika cheti cha msamaha, ingawa ni nchi unayokwenda ndiyo inayoamua kukikubali au kukikataa. Na kama unahitaji pia chanjo nyingine hai, mfano ya surua, zipewe siku moja, au ziachane kwa wiki 4.

Wazee wetu wa Ujiji wanaojiandaa kwa hija au umra wana hesabu yao. Saudi Arabia hudai chanjo ya homa ya uti wa mgongo inayokinga aina nne za bakteria, A, C, W na Y, nayo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Kijana anayemsindikiza mama au babu asiishie kwenye cheti. Ampime shinikizo la damu na sukari mapema, na dawa za siku zote ziwekwe kwenye mkoba wa mkononi zikiwa ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari, kwa sababu begi kubwa huweza kupotea. Katika ndege ya saa nyingi anywe maji, asimame, atembee na kukunjua miguu, ili damu isigande miguuni.

Homa ya ini ya aina B huhitaji subira zaidi: sindano tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu kwenye mwezi wa sita. Watu wazima wengi hawakuipata utotoni, kwa hiyo anayekwenda kusoma au kufanya kazi miaka kadhaa aianze mara tu anapopata barua ya kukubaliwa. Ya homa ya matumbo ichomwe wiki 2 kabla ya safari, na ya pepopunda ikumbukwe.

Hakuna sindano inayomruhusu mtu kunywa maji yoyote. Mwaka 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipojazana katika kijiji cha Kagunga, kando ya ziwa, kipindupindu kiliingia ufukweni, na sisi wa mkoa huu tuliona jinsi ugonjwa huo unavyomkausha mtu kwa saa chache tu. Beba vidonge vya kutibu maji na pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini. Zikikosekana, changanya lita moja ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, mgonjwa anywe kidogo kidogo huku akipelekwa hospitali.

Malaria nayo inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa tumeizoea mno. Ukipata homa ukiwa Ulaya au China katika wiki za mwanzo, mwambie daktari bila kungoja aulize: "Nimetoka Kigoma, kuna malaria, naomba nipimwe damu." Daktari wa huko anaweza kudhani ni mafua, na malaria kali haingoji. Jambo la pili ni kwamba kinga tuliyoijenga kwa kuumwa mara kwa mara hupungua mtu akikaa nje muda mrefu. Ndugu anayerudi likizo baada ya miaka mitano alale ndani ya chandarua chenye dawa kuanzia usiku wa kwanza, na watoto wake waliozaliwa huko, ambao hawana kinga hiyo kabisa, waandikiwe dawa za kuzuia malaria na daktari kabla hawajapanda ndege.

Kwa anayerudi kutoka eneo lenye Ebola, siku za kujiangalia ni 21. Ukipata homa, kuumwa kichwa, kutapika au kutokwa damu ndani ya siku hizo, usipande bajaji wala usikae kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Jitenge na watu wa nyumbani, kisha mtoa huduma wa afya apigiwe simu aelezwe ulikotoka na tarehe uliyorudi, ili waje kukuchukua wakiwa wamejikinga.