Kuprinti picha za maonyesho ukiwa Iringa au Mbeya, hatua kwa hatua

Picha inayovutia kwenye simu inaweza kutoka kwenye karatasi ikiwa imepooza, nyuso zimezama gizani, na ukungu wa Rungwe umegeuka kuwa doa jeupe lisilo na kitu ndani. Wengi wakiona hivyo huilaumu mashine, kisha wanaanza kuulizia nauli ya Dar es Salaam. Mimi naona studio na steshenari nzuri za Iringa na Mbeya zinaweza kabisa kutoa picha za maonyesho za ukubwa wa kawaida. Kinachorukwa ni jaribio. Mtu analipia picha zote kwa mkupuo, anazifungua nyumbani, na hapo ndipo anapoziona kwenye karatasi kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo hatua nyingine nitazipitia haraka, lakini kwenye jaribio nitakaa.

Hatua ya 1: Amua ukubwa kwanza

Chukua pikseli za upande mrefu wa picha, gawanya kwa inchi za upande mrefu wa karatasi. Ukipata pikseli 300 kwa kila inchi umetulia. 200 bado inafaa kwa picha inayotazamwa ukiwa umesimama hatua mbili kutoka ukutani. Chini ya 150, mtu akisogea ataanza kuona ulaini ambao hukuukusudia.

Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Kwenye inchi 12 kwa 18 hiyo ni zaidi ya 330 kwa inchi, na hata ukienda 20 kwa 30 unabaki na 200 kamili. Simu ya megapikseli 12, yaani 4000 kwa 3000, inakupa 250 kwenye inchi 12 kwa 16. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba picha ya simu haitundikwi. Inatundikwa, ila usiivute iwe na ukubwa wa mlango.

Angalia pia umbo. Studio zetu hupima kwa inchi, steshenari hupima kwa A4 na A3, na vipimo hivyo havilingani. Picha ya kamera nyingi ina uwiano wa 3 kwa 2, hivyo inakaa sawasawa kwenye 12 kwa 18. Ukiipeleka kwenye 8 kwa 10 itakatwa pembeni, na anayekata ni mashine, wala haitakuuliza kama yule mtoto wa ukingoni ndiye aliyekufanya upige picha. Ama kata mwenyewe kabla, ama acha mpaka mweupe kuzunguka picha. Mimi napenda mpaka mweupe: unalinda picha isishikwe na vidole, na fundi fremu anapata mahali pa kubana.

Ushauri wangu wa jumla ni kuprinti ndogo iliyo safi badala ya kubwa iliyochoka. Picha kumi na mbili za inchi 12 kwa 18 zinajaza chumba vizuri kuliko nne za mita moja zenye chembechembe.

Hatua ya 2: Rudi kwenye faili la asili

Usitumie picha uliyoishusha kutoka Instagram au uliyotumiwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. WhatsApp huibana hadi takribani pikseli 1600 kwa upande mrefu, na kwenye inchi 18 hizo ni kama 89 tu kwa inchi. Kama lazima faili lipite WhatsApp, litume kama dokumenti. La sivyo tumia flashi au Google Drive.

Kama ulipiga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera lisilobanwa kama JPEG, anzia hapo. Kama una JPEG pekee, hariri nakala na uache ya asili salama, na usiifungue na kuihifadhi tena na tena, maana kila ukihifadhi JPEG inapoteza kidogo.

Hatua ya 3: Ijue mashine utakayoiendea

Mjini utakutana na aina nne, nazo hazifanani hata kidogo.

Studio kubwa za picha zina mashine za maabara zinazotumia karatasi inayoathiriwa na mwanga na kusafishwa kwa kemikali, au mashine kavu za wino. Kwa picha za watu na mandhari hadi inchi 12 kwa 18, hapa ndipo ninapoanzia. Rangi zinapita taratibu, hakuna nukta za kuonekana.

Printa za wino za matangi, kama Epson L805 ya A4 au L1800 ya A3 kubwa kidogo, zina rangi sita na zinafanya kazi nzuri zikipewa karatasi halisi ya picha. Wino wake wa kawaida ni wa rangi iliyoyeyushwa kwenye kimiminika, kwa hiyo unafifia mapema ukipigwa na jua. Kwa maonyesho ya mwezi mmoja ndani ya chumba hakuna shida. Kwa mtu anayenunua picha ili aitundike sebuleni, mwambie aiweke nyuma ya kioo, mbali na dirisha. Wino wa pigmenti, wenye chembe ndogo za rangi zisizoyeyuka, unadumu zaidi, na ukimpata mwenye printa ya namna hiyo, mshikilie.

Mashine za leza za steshenari ni za vipeperushi na kalenda. Zina haraka, lakini mng'ao wa poda juu ya karatasi unabadilikabadilika, na nakala ya kwanza na ya kumi huenda zisifanane rangi. Mimi nazitumia kwa lebo na orodha ya picha tu.

Halafu kuna mashine za mabango. Ukitaka picha moja ya mita mbili mlangoni, nenda huko, na uombe stika badala ya turubai la bango. Ila usiweke picha ya bango kando ya picha ya studio kwenye ukuta mmoja. Ya bango itaonekana imevaa vumbi.

Karatasi nayo ni uamuzi. Ya kung'aa hutoa weusi mzito na rangi kali, lakini chini ya taa mtazamaji anajiona mwenyewe. Ya mati haina mng'ao, inapendeza kwa picha za ukungu na za wazee, ila weusi wake ni wa kijivu kidogo. Ile ya katikati, yenye vipele vidogo ukiipapasa, ndiyo salama kwa mtu anayeanza.

Hatua ya 4: Shusha mwanga wa skrini

Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi inaazima mwanga wa chumba. Ukihariri na skrini ikiwa imewashwa hadi mwisho, utaona picha ina mwanga wa kutosha, na karatasi itatoka na giza. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya malalamiko yote ninayoyasikia.

Kama huna kifaa cha kupimia skrini, fanya hivi. Kaa karibu na dirisha mchana, jua lisikupige moja kwa moja. Fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta, shika karatasi nyeupe kando yake, kisha shusha mwanga wa skrini mpaka vyeupe viwili vikaribiane. Zima ile taa ya usiku inayoifanya skrini kuwa ya manjano. Hapo ndipo uanze kuhariri. Lightroom inafaa, na programu za bure kama darktable na GIMP nazo zinatosha kabisa.

Ukimaliza, hifadhi nakala ya kuprinti katika sRGB, mfumo wa rangi unaotambuliwa na mashine nyingi, isipokuwa fundi mwenyewe amekuomba profaili nyingine ya rangi. Faili la Adobe RGB, mfumo wenye rangi pana zaidi, likiingia kwenye mashine isiyolitambua, mashamba ya chai ya Mufindi yatatoka kama yamenyimwa mvua. Punguza picha hadi ukubwa kamili wa karatasi, halafu ndipo uongeze ukali kidogo. Ukali ni wa mwisho, kwa sababu kiasi kinachofaa A4 hakifai inchi 18.

Hatua ya 5: Karatasi ya jaribio

Fungua ukurasa mtupu wa ukubwa wa A4 kwenye programu yako. Usipachike picha nzima zilizopunguzwa. Kata vipande kutoka kwenye picha zako ngumu, kila kipande kikiwa na ukubwa uleule kitakaokuwa nao kwenye printi kubwa. Chagua vile vinavyokupa wasiwasi: uso wa bibi aliyekaa barazani akiwa na kitenge cheusi, ukungu juu ya chai ya Tukuyu, nguzo za Isimila saa kumi jioni zikiwa nyekundu, maua ya Kitulo. Kama maonyesho yana picha nyeusi na nyeupe, weka kipande chake pia, maana hiyo ndiyo hufichua mashine yenye kasoro: kijivu kikitoka na ukijani au uzambarau, mashine inahitaji kusawazishwa, na rangi za picha nyingine nazo zinapotoka hata kama huoni.

Kile kipande cha uso kirudie mara tatu: kama kilivyo, kikiongezwa mwanga kidogo, na kikiongezwa zaidi. Ngozi nyeusi kivulini ndiyo inayoteseka kuliko kitu chochote kwenye karatasi. Kwenye skrini unaona mikunjo ya paji la uso na jasho juu ya mdomo, lakini kwenye karatasi vyote vinaungana kuwa kitu kimoja. Usiinue mwanga wa picha nzima, utaua anga. Inua zile sehemu za giza peke yake, na mara nyingi kile kipande cha pili, ambacho kwenye skrini kinaonekana kimezidi, ndicho kitakachotoka sawa.

Chini ya ukurasa chora mstari wa viboksi vya kijivu, kwa kipimo cha programu ambacho 0 ni weusi kamili na 255 ni weupe kamili: kutoka weusi wa 0, kisha 5, 10, 15, 20 hadi 40, na upande wa pili 235, 240, 245, 250 na 255. Andika namba juu ya kila kimoja. Mstari huu ndio utakaokuambia ukweli wa mashine. Kama 15 haitofautiani na 0, basi chochote cha muhimu katika picha yako kinapaswa kuwa juu ya 15. Kama 250 imepotea ndani ya weupe wa karatasi, ushushe ukungu wako hadi 245, ili uwe na wino japo kidogo.

Peleka karatasi hiyo kwa fundi yuleyule, mashine ileile na karatasi ileile utakayotumia. Jaribio kwenye karatasi ya kung'aa halikuambii chochote kuhusu mati. Kisha mweleze: "Kaka, hii ni ya kupima. Naomba usiguse rangi wala mwanga, na uzime marekebisho ya otomatiki." Fundi wengi wamezoea kung'arisha nyuso za harusini, na wanafanya kwa nia njema kabisa. Usiposema, atakusaidia.

Ikitoka, usiihukumu papo hapo. Ya wino iache ikauke hadi kesho yake. Itazame nje penye kivuli, au karibu na dirisha, si chini ya tyubulaiti ya dukani, kwa sababu tyubu nyingi zina ukijani wake. Halafu, kama unaweza, ipeleke kwenye chumba chenyewe cha maonyesho na uibandike ukutani. Majengo ya zamani yenye kuta nene na madirisha madogo yana mwanga hafifu, na picha iliyotosha dirishani inaweza kuhitaji kuongezewa mwanga kidogo huko ndani. Rekebisha, printi jaribio la pili. Likikubali, endelea.

Hatua ya 6: Kazi yenyewe

Printi zote siku moja, kwa pakiti moja ya karatasi. Majina ya mafaili yabebe maelezo, mfano 03_kitulo_12x18_mati. Mwachie fundi kikaratasi: asilimia 100, bila kujaza ukurasa, bila marekebisho. Baki hapo. Umeme ukikatika katikati ya picha ya wino, mstari utabaki pale ilipokatikia, na picha hiyo inarudiwa.

Kama kuna picha kubwa uliyoiagiza Dar es Salaam, omba isafirishwe ndani ya bomba la PVC la inchi 4 lililozibwa pande zote mbili. Lile boksi la karatasi halivumilii buti la basi lenye magunia ya vitunguu.

Hatua ya 7: Fremu

Paina ya Sao Hill ni rahisi kupata na inapendeza ikipakwa rangi nyeusi au vanishi, lakini hakikisha mbao zimekauka. Mbao mbichi zitapinda fremu kabla maonyesho hayajaisha. Kioo kisigusane na picha, hasa ukiwa Tukuyu ambako unyevu hauondoki: picha hunata kwenye kioo na haitoki tena. Kadibodi nene yenye dirisha, iwekwe kati yao, inatosha. Usibandike picha kwa selotepu wala gundi ya maji. Tengeneza pembe nne za karatasi na uiingize humo.

Hatua ya 8: Ukutani

Katikati ya kila picha iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, hata kama fremu zina ukubwa tofauti. Kwenye jengo la kale kama Boma la Iringa, uliza kabla ya kupiga msumari. Waya au stendi za mbao hufanya kazi hiyohiyo. Taa zote ziwe za rangi moja. Balbu moja ya manjano kati ya nyeupe inaharibu saa zote ulizotumia kwenye hatua ya 5. Zielekeze kutoka juu kwa mshazari ili mng'ao uanguke sakafuni, usirudi machoni.

Karatasi ya jaribio ya mwisho usiitupe. Andika nyuma yake tarehe, mashine na aina ya karatasi, uiweke pamoja na mafaili. Mtu akija baada ya miezi sita kutaka nakala ya picha namba tatu, hiyo ndiyo utakayomwonyesha fundi ailinganishe.