Data za umeme wa jengo lako: zianze na futi kamba

Kama una gesti hapa Tanga na unataka kujua inakula umeme kuliko za wenzio, usilinganishe hela, linganisha yuniti kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, maana gesti ya vyumba sita Ngamiani na hoteli ya Raskazone huwezi kuziweka kwenye mzani mmoja hivihivi.

Pima jengo mwenyewe, kuta za nje, kila ghorofa, ramani ya zamani usiiamini, watu wanaongeza vyumba kila siku. Gesti ya shangazi yangu ni mita 20 kwa 12, ghorofa mbili, yaani mita za mraba 480, ila daftarini iliandikwa 240, ghorofa ya juu ilisahaulika! Yuniti zake 36,000 za mwaka ukigawa kwa 480 unapata 75, kwa 240 unapata 150, na shangazi kwa hiyo 150 alishaanza kuhangaika bure kutafuta AC mpya. Paking ya wazi usiihesabu.

Sasa LUKU, hapa ndo wengi wanapotea: yuniti ulizonunua siyo ulizotumia. Ukinunua 500 tarehe 30 zinaliwa mwezi unaofuata, kwa hiyo kila tarehe 1 soma kwenye mita jumla ya yuniti zilizotumika, siyo salio, piga picha kioo chenyewe. Mita zikiwa tatu andika namba ya kila moja na inalisha wapi. Risiti nazo zinafutika na hili joto letu, zipige picha siku hiyohiyo.

Dizeli ya jenereta andika lita, gesi andika kilo. Ukifunga vyumba au ukiweka friza mpya, andika tarehe pembeni.