Chakula cha shule: nunueni kwa mkulima wa jirani

Jamani wazazi wa kamati za chakula, msisubiri mahindi ya dukani bei ikishapaa, nendeni kwa wakulima wa hapohapo kijijini mara tu wakivuna mkubaliane magunia mangapi ya mahindi na maharage, na mlipe kwa kilo, lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, inamuumiza mkulima. Kabla hamjapokea pimeni unyevu: chupa kavu, mahindi theluthi moja, chumvi iliyokauka vijiko 2 au 3, tikisa vizuri, acha dakika 15, chumvi ikigandia kwenye chupa basi hayo bado mabichi yarudi kuanikwa, sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, kwa watoto sio ya kuchezea kabisa. Halafu sagisheni dona, sembe imeshatolewa kiini. Mchicha na viazi lishe mwenye bustani alete asubuhi ileile ya kupika.