Somo: Kupima matumizi ya RAM kwenye Linux

Msimu wa korosho uliopita niliitwa kwenye steshenari moja hapa Mtwara mjini. Foleni ya wanaotaka fomu ilifika nje, na seva yao ya Linux yenye RAM ya GB 4 ilikuwa inajikokota. Nilitazama tarakimu moja, nikamshauri mwenye duka anunue RAM. Akanunua. Baada ya siku tatu tatizo likarudi vilevile. Hela ile inaniuma hadi leo, ndiyo maana naandika somo hili.

Hatua ya 1. Fungua terminali, andika `free -h`. Siku ile niliona hivi:

```
       total  used   free  shared  buff/cache  available
Mem:   3.7Gi  1.5Gi  180Mi  110Mi       2.0Gi      1.9Gi
```

Mimi niliishia kwenye `free`, 180Mi, nikaona RAM imekwisha. Kumbe ile 2.0Gi ya `buff/cache` kwa sehemu kubwa ni faili ambazo kerneli (kiini cha Linux) imezihifadhi ili isirudi diski kila mara. Ni kama ghala lenye nafasi: mwenyewe hupanga humo magunia matupu, korosho zikija anayatoa. Safu ya kusoma ni `available`. Hiyo ndiyo makadirio ya RAM ambayo programu mpya zinaweza kupata bila kusukuma vitu kwenye swapu, yaani sehemu ya diski inayotumika RAM ikibana.

Hatua ya 2. `vmstat 5`. Mstari wa kwanza uache, ni wastani tangu mashine iwashwe. Kuanzia wa pili tazama `si` na `so`, yaani kinachorudi kutoka swapu na kinachopelekwa huko. Sifuri ni salama. Zikicheza mfululizo wakati watu wanalalamika, hapo RAM haitoshi kweli.

Hatua ya 3. `top`, kisha bonyeza M kubwa ili programu zipangwe kwa RAM. Soma `RES`, yaani RAM inayoshikiliwa kweli; `VIRT` isikutishe, inahesabu hata nafasi iliyoombwa bila kutumika.

Hatua ya 4. Hii ndiyo iliyonifumbua macho. Picha moja haitoshi, unahitaji kumbukumbu za siku nzima. Andika `crontab -e` (orodha ya kazi zinazojiendesha kwa ratiba), weka mstari huu wa kila dakika kumi:

```
*/10 * * * * (date; ps aux --sort=-rss | head -6) >> $HOME/ram.txt
```

Nimetumia `-rss` (ndiyo ile `RES`) badala ya `-%mem` kwa makusudi, kwani ndani ya crontab alama ya % hugeuzwa kuwa mstari mpya na amri inakatika. Asubuhi ya pili nikaona programu ya risiti inapanda kila baada ya dakika kumi, haishuki hata duka likifungwa. Ilikuwa inavuja, yaani inachukua RAM bila kuirudisha. RAM yoyote ungeiongeza, ingeimeza.

Hatua ya 5. Programu ikifa ghafla: `sudo dmesg -T | grep -i "out of memory"`. Fanya kabla ya kuwasha upya mashine, la sivyo ujumbe unatoweka kwenye `dmesg`.

Maswali ya wanachama

*Masasi: Kaka, nikisafisha kache (ile `buff/cache`) kwa drop_caches si mashine itakuwa nyepesi?*
Hapana, ndugu yangu. Faili zilezile zitasomwa upya kutoka diski, na kwa muda itakuwa nzito zaidi.

*Nachingwea: Mwalimu, swapu yangu imetumika MB 300 na available bado ni kubwa. Niogope?*
Usiogope, dada, kama `si` na `so` ni sifuri. Ni vitu vilivyowekwa pembeni zamani na hakuna aliyevihitaji tena.

*Lindi: Natumia FreeBSD, amri ya free haipo.*
Tumia `top`, usome mstari wa Mem: Active, Inact, Wired, Free. Kwa swapu ni `swapinfo -h`.

*Mikindani: Yule wa steshenari mlimsaidiaje?*
Tuliweka programu ya risiti ijiwashe upya kila usiku saa sita, huku aliyeiandika akitafuta tundu. RAM ya ziada nilimtafutia mnunuzi mwenyewe.