Likizo ya familia ukiwa na deni: anza na hesabu ya Januari

Mwenye deni akitaka kupeleka watoto kijijini Disemba, au kuwatembeza Jinja na Entebbe hapa Uganda, asianze kwa kuuliza bei ya basi. Waajiri wengi hutoa mshahara wa Disemba kabla ya Krismasi, na wa Januari hauonekani mpaka mwisho wa mwezi. Pesa ya siku 30 inalazimika kulisha nyumba siku 40 hivi, kisha muhula wa kwanza unafunguliwa. Hapo ndipo safari nyingi huanza kuuma.

Chukua daftari uandike kila deni: unadaiwa na nani, kimebaki kiasi gani, riba ya mwezi, tarehe ya kulipa, na umeweka dhamana gani. Deni la dukani na salio la shule yaingie pia, na pesa ya shemeji isisahauliwe.

Sasa tazama riba, kwa sababu madeni hayalingani. Tuseme una deni la shilingi 1,000,000 kwa mkopeshaji wa mtaani anayetoza 10% kwa mwezi, na mfukoni una 800,000 za safari. Ukizilipa kwenye deni, riba ya mwezi ujao inashuka kutoka 100,000 hadi 20,000. Ukisafiri nazo, safari hiyo itaendelea kukutoza 80,000 kila mwezi hata baada ya watoto kurudi shuleni. Deni hilo hilo likiwa la SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, kwa 2% ya salio kila mwezi, tofauti ni 16,000 tu. Wa SACCO anaweza kufikiria safari. Wa mkopeshaji alipe kwanza. Mkopo wa simu wenye ada ya 9% kwa siku 30 nao usikudanganye kwa udogo wake: ukiuzungusha mwaka mzima ni 108%.

Ukishachelewesha rejesho hata moja, au hati ya shamba au kadi ya gari iko mikononi mwa mdai na tarehe imekaribia, usisafiri. Hapo hakuna hesabu ya kufanya.

Kama hayo hayakuhusu, jumlisha mshahara wa Disemba na mgao wa kikundi cha akiba. Hesabu mgao utakaobaki mkononi, maana kikundi hukata kwanza mkopo wako. Toa marejesho ya Disemba na ya Januari, kodi ya nyumba, chakula cha siku 40, sehemu ya ada ambayo shule inadai kabla mtoto hajaingia darasani, na kitu cha ugonjwa. Kinachobaki ndicho cha safari. Kisipobaki kitu, jibu umelipata.

Kijijini watu husema ni bure kwa kuwa hakuna hoteli. Si kweli. Nauli ya wiki ya Krismasi hupanda sana, wakati mwingine mara mbili, na mtoto anayekalia kiti analipiwa kiti. Familia ya watu watano, kwa nauli ya 70,000, ni 350,000 kwenda tu. Kisha huendi mikono mitupu: sukari, sabuni, mchele, kitenge cha bibi, kitu cha wazee. Ukifika, kuna mchango wa harusi au matanga, na jirani mwenye mtoto mgonjwa. Tenga fungu la wageni na maombi mapema, sawa na nauli ya kwenda, na likiisha useme limeisha. Nauli ya kurudi iweke kwenye laini ya simu ambayo hutembei nayo, ukiongeza ada ya kutoa pesa kwenye simu na kodi ya 0.5% ya kiasi unachotoa.

Usikubali kuongezewa mkopo wa mshahara ili usafiri. Mkopo wa zamani unafungwa kwa mpya, miaka inaanza kuhesabiwa upya, na mara nyingi ada ya maombi na bima hukatwa kwenye kiasi chote, si kwenye nyongeza peke yake. Unaweza kupokea pesa ya wiki moja ukailipa miaka mitatu.

Pesa ikitosha nusu, punguza watu au badilisha mwezi. Likizo za Mei na Agosti nauli huwa ya kawaida na wageni wachache. Mzazi mmoja anaweza kwenda na watoto wawili. Wakazi wa Kampala wanaweza kwenda Entebbe kuona wanyama na kurudi siku hiyo hiyo kwa teksi za abiria wengi, chakula kikiwa kimepikwa nyumbani.

Ukiamua kwenda, lipa rejesho kabla ya kufunga mizigo, si ukirudi. Na mdhamini wako wa SACCO, pamoja na ndugu anayekudai, waambie mwenyewe: tarehe ya kuondoka, na tarehe watakayopata pesa yao. Wakiona picha zenu kwenye WhatsApp kabla hujasema neno, mwakani hutapata wa kukutilia saini.